Breki za Mashindano Kwenye Msafara wa Harusi

Hii habari nilikuwa nimepanga kufa nayo. Tatizo ni kwamba ina picha, kubwa, imetiwa fremu, iko ukutani sebuleni kwa mdogo wangu Namnyaki, na kila mgeni anayekwenda pale kula pilau anaiangalia, anacheka, halafu ananigeukia mimi. Basi bora mniulize mimi mwenyewe kabla hamjasikia iliyoongezwa chumvi (ingawa nawaambia mapema, humu hakuna pa kuongeza chumvi, imeshakolea).

Mnalijua gari langu, lile la bluu lenye bawa nyuma na muungurumo wa kuamsha nusu ya mtaa wetu wa Olasiti. Nililiita Kipanga. Mimi nina ugonjwa wa mbio za magari, siyo zile za watu wenye wadhamini, hapana, sisi ni wa Jumapili tu, tunaomba kipande cha barabara ya shamba chenye kona nyingi, tunaachiliwa mmoja mmoja, tunashindana na saa, tunarudi nyumbani na vumbi puani. Sasa kwenye mbio zilizopita breki zangu zilipata moto sana zikachoka, nikakanyaga mguu ukazama mpaka chini, nikaenda kusimama katikati ya mahindi ya watu. Nikaapa kwamba nitalifunga gari breki za kiume. Nikanunua diski kubwa, mipira mipya ya breki, oili ya breki isiyochemka ovyo, na pedi za mashindano, vile vibamba vinavyoibana diski ya tairi ukikanyaga.

Hapo kwenye pedi ndipo shetani alipokaa. Pedi za kawaida, za kwendea sokoni, ukikanyaga tu zinashika. Za mashindano ni kama jiko la mkaa, mpaka likolee ndiyo upike. Zikiwa baridi hazishiki vizuri, halafu zinalia, na siyo kulia kwa adabu, zinapiga yowe. Mimi nilijua yote hayo, tena ndiye niliyekuwa nawafundisha wenzangu kijiweni. Mpango wangu ulikuwa safi: wiki nzima pedi za kawaida, Jumapili ya mbio nabadilisha.

Ila Jumapili hiyo ya mbio ilitanguliwa na Jumamosi ya harusi ya Namnyaki.

Kwenye kamati ya harusi mjomba alishatoa gari lake jeupe, la heshima, viti vya ngozi, wazee wote wakapiga makofi. Namnyaki akasimama akasema, "Asanteni, ila mimi nitapelekwa na kaka yangu, kwa gari la kaka yangu." Jamani, nilitaka kulia. Baba akanigeukia, akasema, "Eliba, umesikia? Kanisani kuna maharusi wengine wawili siku hiyo. Mchungaji amesema wimbo wa kwanza ukiisha, ambaye hajafika atangoja Jumamosi nyingine. Ukimchelewesha mtoto wangu, wewe na hilo dude lako msikanyage hapa."

Nikasema, "Baba, kwa breki hizi?" (Sijui hata nilimaanisha nini.)

Basi Ijumaa jioni nikazifunga pedi za mashindano ili nijaribu kama zinaingia. Zikaingia vizuri sana. Ilibaki nizitoe, nirudishe za kawaida, nikaangalia matairi, nikaangalia mikono yangu ilivyo myeusi, nikajiambia ya nini kufungua matairi leo halafu nifungue tena kesho usiku? Msafara wa harusi wenyewe unakwenda polepole, breki za nini? Huo ndio uamuzi wote, wala sikuufikiria zaidi ya muda wa kunawa mikono.

Asubuhi kule Olmotonyi, nyumbani kwa wazee, kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba, Mlima Meru wote umejifunika mawingu. Mbele lilikaa gari la tarumbeta, pikapu iliyojaa vijana wenye suti nyekundu, kisha mimi na Kipanga, maua kwenye boneti, bibi harusi na Shangazi (ndiye msimamizi wake) nyuma. Nyuma yangu lilifuata gari la akina mama waliokuwa wanapeleka vyakula ukumbini, na Koko, bibi yetu, amekumbatia ndoo yake ya loshoro, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, ambayo hakutaka iguswe na mtu mwingine.

Tukaanza kushuka. Nikakanyaga breki.

Yowe lililotoka pale, jamani, tarumbeta zote zilinyamaza. Kiongozi wao akageuka kuangalia nani kaharibu noti. Nikaachia, gari likashuka kasi kuliko nilivyotaka, nikakanyaga tena kwa nguvu, likapiga yowe jingine, safari hii refu, na pembeni ya barabara kulikuwa na punda amebebeshwa madumu ya maji, akainua kichwa akajibu. Sisemi alilia tu, alijibu! Nikikanyaga, analia, nikiachia, ananyamaza, na kwa vile tulikuwa tunakwenda mwendo wa kutambaa, akatusindikiza na madumu yake kipande kizima, mwenye punda anakimbia nyuma akituuliza tunamfanyia nini mnyama wake.

"Kaka," Namnyaki akasema, "hiyo ni gari yetu?"

"Ni baridi tu. Zikipata moto zitanyamaza."

"Sasa kwa nini hazipati moto?"

Kwa sababu msafara wa harusi, mimi bingwa wa breki nikagundua hapo, ndiyo mwendo pekee duniani ambao hauwezi kuzipasha moto. Nikaona aibu ya kanisani itakuwaje, watu wote wamejipanga mlangoni, halafu mimi naingia na sauti ya punda. Lazima zipate moto kabla hatujafika. Tulipofika lami nikaiacha pikapu itangulie, ikatangulia, nikasema, "Shangazi, jishikilieni kidogo."

"Kidogo kwa nini?"

Nikakanyaga mafuta, Kipanga likaruka, nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Shela la Namnyaki likamjia usoni. Nikakanyaga mafuta tena mpaka karibu na mkia wa pikapu, nikafunga breki tena, maua yaliyokuwa kwenye boneti yakang'oka, yakapaa, yakaingia moja kwa moja ndani ya mdomo wa lile tarumbeta kubwa la kujizungushia mwilini, na mpigaji (alikuwa katikati ya wimbo) akavimba mashavu hewa isipate pa kutokea. Shangazi alishaanza Baba Yetu, tena kwa sauti. Lakini sikilizeni, mara ya tatu breki zilishika kimya kabisa! Laini, bila yowe. Nikageuka nyuma kwa furaha nikasema, "Mmesikia?"

Hawakusikia, walikuwa wanaangalia moshi.

Pedi mpya zikipata moto mara ya kwanza hutoa moshi na harufu, ni jambo la kawaida, ukiendesha taratibu bila kusimama zinapoa zenyewe. Mimi nilijua. Shangazi hakujua. Akapiga kelele, "Moto! Eliba, simama, tunaungua!" na Namnyaki akaanza kufungua mlango, nikalazimika kusimama. Watu wote wakashuka. Moshi unatoka kwenye tairi zote mbili za mbele, ukingo wa barabara umejaa watu, mmoja anatafuta maji, nami nazunguka gari mikono juu nikipiga kelele, "Msilimwagie kitu! Diski ina moto, itapasuka! Msilimwagie kitu!"

Koko hasikii vizuri, na hata angesikia, hajawahi kuniomba ruhusa. Niliona tu ndoo ikipita.

Loshoro yote, ndugu zangu. Ya harusi. Ikatua kwenye tairi la kulia, ikachemka pale pale, na ndani ya ule mvuke nikasikia "ta!", diski yangu mpya imepasuka. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikaenda mpaka kwa majirani.

"Nimeizima," Koko akasema, anahema. "Mjukuu wangu, hata kusema asante hujui?"

"Asante, Koko."

Kisha nikamwona Namnyaki amesimama pembeni ya lami na gauni lake jeupe, ananitazama, na kwa mbali kengele ya kanisa ikaanza kulia. Sijawahi kujiona mpumbavu vile. Aliwakatalia wazee wote kwa ajili yangu.

Yeye akakunja gauni, akaipungia mkono pikapu ya tarumbeta iliyokuwa imesimama mbele yetu. Vijana wa suti nyekundu wakamnyanyua juu juu, akasimama katikati yao ameshika bomba la pikapu, yule wa tarumbeta kubwa akayatoa maua mdomoni mwa chombo chake akampa, wakapiga wimbo kwa hasira ya kucheleweshwa, wakaondoka mbio. Alifika wimbo wa kwanza ukiwa kwenye ubeti wa mwisho. Nimeambiwa kanisa zima lilisimama. Nimeambiwa, maana mimi nilikuwa bado kwenye lami nasubiri gari la kunivuta.

Jumapili sikushindana, diski imepasuka utashindana na nini? Na tangu siku hiyo nimeapa, ikiwa kuna harusi, kipaimara au hata mtu anaomba tu apelekwe hospitali, nitafungua matairi yote manne usiku kucha nirudishe pedi za sokoni. Siyo kwamba wameniomba tena. Kamati iliyofuata walinipa kusimamia viti.

Lakini hiyo picha. Mpiga picha aliipiga pikapu inapoondoka, Namnyaki juu kati ya tarumbeta, shela linapepea, anacheka kuliko siku yoyote niliyomwona, na chini kabisa kwenye kona kuna mtu mwenye suti, amepiga magoti, anachomoa mahindi kwenye rimu kwa kidole. Mgeni lazima aulize huyo ni nani. Namnyaki angeweza kusema ni mpita njia, ningemshukuru. Hapana. Anaweka sahani chini, anakwenda mpaka ukutani, ananigusa pale kichwani kwa kidole.

"Huyo?" anasema. "Huyo ni kaka yangu. Ndiye aliyenipeleka kanisani."