Kona ya Mlevi

Mimi siwezi kuangalia mpira nimekaa. Mume wangu alinikataza kwa upole, kisha kwa ukali, mwisho akaacha kabisa kuja uwanjani. Timu yetu ikishambulia natembea, ikishambuliwa natembea zaidi, na tukipigiwa penalti naugeukia mlima Hanang mpaka nisikie kelele ni za nani. Wanawake wenzangu walikuwa wakinitania kwamba nitazaa mtoto mwenye filimbi mdomoni. Nimezaa watatu, na hakuna hata mmoja anayejali mpira.

Msimu ninaousimulia ni ule wa mkoa kugawanywa. Tulilala watu wa Arusha, tukaamka watu wa Manyara. Wengine walijadili makao makuu na barabara, sisi tulijadili ligi. Kule Arusha timu yetu haikuwahi hata kunusa ligi ya mkoa. Sasa mkoa ulikuwa mpya na timu zilikuwa chache, kwa hiyo tukaingizwa. Bila kufunga goli hata moja la ziada, tulikuwa tumepanda daraja. Nilicheka siku nzima, halafu jioni hofu ikaniingia, kwa sababu kilichopanda kinaweza kushuka.

Na kushuka kulikuwa na maana kubwa kwetu. Timu ilizaliwa na shamba la ngano la serikali, na shamba lilikuwa limekufa. Waliita ubinafsishaji. Sisi tuliona tu mishahara inakatika, watu wa mbali wanafunga mizigo, na matrekta yamesimama juu ya mawe bila matairi. Vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kuchimba tanzanite Mererani. Waliobaki walibaki kwa ajili ya jezi. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa beki wa kushoto, na begi lake lilikuwa tayari chini ya kitanda. Alinieleza bila kunificha: "Dada, tukishuka naenda. Nitakaa hapa nifanye nini?" Kwa hiyo kila mpira uliokwenda nje, mimi niliona begi linavutwa kutoka chini ya kitanda.

Historia ya timu tuliijua wote, kwa kuwa wazee wa timu waliirudia kila msimu ulipoanza. Waanzilishi walikuwa madereva na mafundi wa gereji, waliokuja kutoka kila pembe ya nchi. Jezi za kwanza zilishonwa kwa magunia ya ngano, zikawawasha wachezaji mpaka wakawa wanajikuna hata wakiwa na mpira mguuni. Magoli yaliunganishwa gereji kwa mabomba mabovu. Mechi ya kwanza walifungwa na walimu wa Balangdalalu, magoli ambayo wazee hawakubali kutaja idadi yake. Halafu msimuliaji alifika kwenye kisa cha uwanja, na hapo watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo.

Uwanja ulisawazishwa kwa trekta Jumapili moja, wakati mabwana shamba hawapo, na aliyeliendesha ni dereva mmoja aliyekuwa amekunywa pombe ya kangara tangu asubuhi. Alinyoosha pande tatu vizuri. Alipofika pembe ya nne, upande wa machweo, trekta likapinda lenyewe likakata ndani, na pembe ikabaki fupi, haina umbo. Mlevi amelala kwenye usukani, walisema. Pembe hiyo ikaitwa Kona ya Mlevi. Nje yake kulibaki kichuguu kikubwa kilichochoka, kimeota nyasi, na mashabiki tulipanda juu yake kuona mpira vizuri. Mimi nimetembea juu ya kichuguu kile tangu nina meno ya utoto.

Dereva huyo ni baba yangu.

Sikuipenda hadithi hiyo hata siku moja. Shuleni niliitwa mtoto wa Kona. Baba mwenyewe hakuwahi kubisha. Alikunywa kweli, hilo haliwezi kufichwa, na tangu shamba lifungwe alikuwa anakaa uani anachonga mipini ya majembe ambayo hakuna aliyeiagiza. Uwanjani hakukanyaga. Nikimwuliza kuhusu pembe ile alisema, "Imekaa hivyo hivyo," akaendelea kuchonga. Niliudhika naye kuliko nilivyoudhika na waliokuwa wakimcheka.

Ila kona hiyo ilitufaa. Mpira wa kona uliopigwa kutoka pale ulikuwa karibu mno na goli, ukipinda kidogo unaingia. Msimu ule tuliwafunga Masakta kutoka pale, tukawafunga Hirbadaw kutoka pale. Na tulikuwa na mtu wa kufunga. Familia moja ya Kibarabaig ilikuwa imerudi na ng'ombe wake kwenye mashamba yaliyoachwa, na kijana wao alikuja siku moja uwanjani na fimbo mkononi, akaiweka chini, akaomba kucheza. Tangu siku hiyo hatukutafuta mshambuliaji mwingine.

Kijana huyo alikuwa na jambo lake. Kabla ya kila mechi ya nyumbani alikwenda peke yake mpaka kwenye kichuguu, akang'oa nyasi mbichi, akaziweka pale, akasimama kidogo, akarudi. Sisi mashabiki tulikonyezana. Kila timu ina kamati yake ya ufundi, ile ya ndumba, na yetu ilikuwa ya mtu mmoja asiyelipwa. Niliwafukuza watoto wasiguse zile nyasi. Wapinzani nao waliona, na timu moja ya Babati, baada ya kufungwa mechi ya kirafiki kutoka kona ile ile, ikaenda kulalamika mkoani. Hawakuandika kuhusu nyasi. Walisema uwanja wetu si halali.

Mkaguzi akaja na futi yake ya kamba. Alipima pande tatu akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika ya nne alisimama, akaangalia, akatuuliza, "Aliyechora uwanja huu alikuwa amelewa?" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mkaguzi hakujua kwa nini, akacheka pia. Kisha akatoa amri: kichuguu kisawazishwe, pembe inyooshwe, la sivyo mechi yetu ya mwisho ya nyumbani ihamishiwe Babati. Mechi hiyo ilikuwa dhidi ya wale wale waliolalamika, na kwa jinsi msimamo ulivyokuwa, tulihitaji ushindi. Sare ingetushusha.

Wengine walisikitikia kona yao. Mimi moyoni nilifurahi. Kona itanyooka, nilijiambia, na jina la baba litaondoka nayo.

Jumamosi watu walikusanyika na majembe na sururu. Nilichelewa kwa sababu nilipitia nyumbani kuchukua sepetu ya baba. Alikuwa uani kama kawaida.

"Unaipeleka wapi?" akauliza.

"Uwanjani, baba. Tunasawazisha kichuguu."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Akaweka chini mpini aliokuwa akiuchonga, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu na koti lake la shamba. Njiani mimi nilisema maneno ya watu wawili, kama ninavyofanya nikiwa na wasiwasi.

Tulikuta mzozo. Mshambuliaji wetu alikuwa amesimama mbele ya kichuguu, mikono wazi, na vijana wenzake wa timu wanampigia kelele.

"Ufundi wako tutaupeleka hata pembe nyingine!" mmoja alimwambia. "Toka, tulime!"

"Si ufundi," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno analiweka kwanza ndipo lifuate jingine. "Hapa ni mzee wetu. Babu yake baba yangu. Analala hapa. Nikija namwamkia. Huwezi kupita mlango wa mzee bila shikamoo."

"Hiki ni kichuguu!"

"Si kichuguu. Ni kaburi, lilijengwa na watu. Limeshuka tu, kwa sababu hatukuwepo. Tuliondolewa shamba la ngano lilipokuja."

Nilihisi nyayo zangu zinawaka. Miaka yote ile nilikuwa nimeruka pale, nimetukana marefa pale. Nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko kawaida, "Mbona hukutukataza tulipokuwa tunasimama juu yake?"

Alifikiri. "Mlikuwa mnashangilia," akasema. "Nilisema, labda mzee anapenda kelele."

Baadhi walitulia. Lakini msimuliaji wetu wa historia, golikipa wa zamani aliyekuwepo tangu siku za magunia, hakukubali. Alisema kila anayetaka ardhi siku hizi anazuka na babu yake chini ya udongo. Alisema yeye alikuwepo uwanja ulipotengenezwa, na hakuna aliyeona kaburi.

"Mimi niliona," baba akasema.

Watu waligeuka. Wengi walikuwa hawajamwona miaka. Alisimama na koti lake kubwa, hakupandisha sauti.

"Nilikuwa nimelewa, ndiyo. Msiniondolee hilo. Lakini niliona kaburi nikapinda. Trekta halikupinda lenyewe. Nililipinda mimi."

"Na kwa nini hukusema?" golikipa akauliza. "Miaka yote tumekucheka, umekaa kimya?"

Mtu mwingine nyuma, sikumwona ni nani, akauliza, "Kwani lilikuwa hili tu? Huko mashambani hayakuwepo mengine?"

Baba aliangalia yale mashamba makubwa, yaliyonyooka mpaka macho yanachoka, ambako sasa ng'ombe walikuwa wanakula magugu. Akaninyang'anya sepetu mkononi. Nilidhani anaondoka nayo. Badala yake alikwenda kwenye goli la karibu akaanza kuchimbua bomba.

Ndivyo tulivyougeuza uwanja. Kama kaburi halihami, basi magoli yahame. Tulifanya kazi mpaka jioni na siku iliyofuata baada ya ibada, tukang'oa magoli, tukayageuza, tukavuta kamba, tukachora mistari kwa majivu ya mafiga yetu sote. Baba alitangulia mbele ya kamba, akitembea mwendo ule ule wa trekta, na pembe zote nne zikanyooka. Kaburi likabaki nje, peke yake, na tukakubaliana kwamba hakuna mtu wa kulikanyaga tena. Mkaguzi aliporudi alipima akasaini. Sasa jua la alasiri lilikuwa linaingia machoni mwa golikipa wetu, na kona fupi ya kufungia hatukuwa nayo tena. Nilikuwa nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja, na kwa hali hiyo sikula vizuri mpaka siku ya mechi.

Siku yenyewe baba alikuja. Alisimama upande wa machweo, mbali na watu, karibu na kaburi lakini si juu yake. Mimi nilitembea. Walitufunga mapema, jua likiwa machoni. Kipindi cha pili mshambuliaji wetu akasawazisha kwa kichwa, nikamkumbatia mwanamke nisiyemjua. Sare ya bao moja kwa moja. Tulihitaji moja tu. Wale jamaa wa Babati walikuwa wanaanguka anguka kupoteza muda, na refa, ambaye alikuwa na gari la kuwahi, alikuwa anaangalia saa kuliko alivyoangalia mpira. Tukapata shambulio, beki wao akaupiga mpira nje kwa nguvu zote. Ukaruka, ukadunda, ukatulia juu ya kaburi.

Tulikuwa na mpira mmoja tu wenye upepo.

Watoto walioukimbilia wakasimama ghafla, wakakumbuka makubaliano. Mshambuliaji wetu alikuwa mbali, mbele ya goli lao, anasubiri. Mdogo wangu alikuwa kwenye mstari, mikono juu, tayari kurusha. "Leteni mpira!" nilipiga kelele. "Leteni!"

Baba ndiye aliyekwenda. Nikamshukuru Mungu. Halafu nikamwona anasimama. Anavua kofia. Anainama, anatafuta nyasi kwenye uwanja uliokauka, hazipatikani upesi, anapata chache, anaziweka. Anasimama tena, midomo inacheza. Niliona, na nilijua anasema nini, maana tulifundishwa wote neno hilo kabla ya kujua kusoma.

"Baba, kimbia!" nililia. "Baba!"

Uwanja mzima ulikuwa unanisikia. Alipanda polepole, akauchukua mpira kwa mikono miwili, akashuka polepole. Alikuwa bado hajaufikia mstari refa alipopuliza.

Tulishuka daraja. Mdogo wangu alikaa chini pale pale kwenye mstari wa majivu, akaanza kuvua viatu. Mshambuliaji wetu alipita uwanja mzima kumfikia baba, akampa mkono, akamwamkia. Mimi sikumpa mtu mkono. Nilitembea kwenda nyumbani mbele ya baba kwa hasira, halafu nikashindwa, nikamsubiri.

"Ungekimbia kidogo tu," nikamwambia. "Kidogo tu, baba. Mwanao anaondoka kesho. Ulijua."

"Nilijua," alisema.

Tulitembea. Upande wetu wa kushoto yalikuwa mashamba, yamenyooka, hayana hata pembe moja iliyopinda.

"Yale makaburi mengine," akasema, "niliyapitia juu, mbio."