Nilivyobembeleza injini ya boti kwa maji ya ziwa, mpaka siku tulipomvusha Mzee Juma

Wakuu, habari za huko mliko.

Leo naleta yangu. Kama nitaongeza chumvi itakuwa kwa upana wa mto tu, kwa sababu ulinitisha na sijawahi kuupima. Mambo ya injini na ya Mzee Juma nayaandika vile yalivyokuwa.

Nianze na aibu yangu.

Kwa miezi kama minane, mimi mtu mzima, mwenye cheti cha sekondari nilichosomea jioni baada ya kazi, niliamini kabisa kwamba injini ya boti iliyozoea ziwa haiwezi kukubali mto mpaka ionjeshwe maji ya ziwa.

Msicheke bado.

Mimi ni wa Matisi, Kitale. Daraja la miguu lilipobebwa na maji kule Matulo, karibu na Webuye, wanakijiji wakaungana wakanunua boti na injini ya mkono wa pili. Wakatafuta dereva. Mimi nilikuwa nimetengeneza injini za posho mill, zile za kusaga unga, na kwa interview nilisema neno "combustion" mara tatu. Nikapewa kazi hapo hapo.

Jamaa aliyetuletea injini kutoka upande wa ziwa akanivuta kando. Uso mkavu kama anasoma habari.

"Hii kitu ilizaliwa ziwani," akasema. "Ikigoma, imwagie kifuniko kimoja cha maji ya kwao kwa kichwa. Itakumbuka nyumbani."

Akaniachia jerikeni ya lita tano. Nikaipokea kwa mikono miwili, bana!

Sasa kwa wale hawajui boti. Tanki ya petroli ni ya plastiki, inakaa chini kwa sakafu. Paipu inatoka hapo mpaka kwa injini. Katikati ya paipu kuna mpira wa kufinya, saizi ya avocado. Sisi tunauita moyo. Kabla ya kuvuta kamba unafinya moyo mara kadhaa, petroli ipande, mpaka mpira ukuwe mgumu. Hiyo nilijua vizuri.

Shida ilikuwa hii. Injini inawaka, tunavuka mara moja, mara mbili, halafu inakufa. Nikishika moyo naupata umelala bapa kama tunda la passion lililosahauliwa dirishani. Nafinya, wapi. Unabaki hivyo hivyo.

Basi natoa jerikeni. Nafungua kifuniko cha tanki, maana jerikeni nilikuwa naiziba kwa gunzi, na hicho ndicho kifuniko pekee nilikuwa nacho. Nakijaza maji ya ziwa, namwagia injini kwa kichwa, napangusa kifuniko kwa shati, nakirudisha, nakaza. Nafinya moyo.

Na unajaa! Navuta kamba, injini inalia mpaka ng'ombe wa ng'ambo wanageuka.

Kila mara, wakuu. Miezi minane haikukosa hata siku moja. Si hata wewe ungeamini? Abiria walikuwa wanapiga makofi. Kuna mama mmoja aliomba nimpake kidogo kwa goti.

Maji yakipungua nilikuwa natuma mtu yeyote anayeenda upande wa ziwa anijazie.

Sasa ile siku.

Mzee Juma alikuwa fundi cherehani pale Matisi, kibanda chake karibu na msikiti. Mimi si Muislamu, lakini huyo mzee alikuwa wangu. Nilipokuwa naenda kufanya mtihani wa mwisho, nikiwa na umri wa watu wenye watoto shuleni, suruali yangu ilikuwa moja na imepasuka nyuma. Akaniita.

"Weka mguu hapa nikupime," akasema. "Mtu mzima hafanyi mtihani akiwa ameshikilia makalio."

Akanishonea mpya, kitambaa kizuri, na hakuigusia tena mpaka alipokufa.

Alizaliwa ng'ambo ya huo mto wetu, Nzoia, huko Matulo. Mama yake amelala huko, na siku zote alisema akifa awekwe karibu na mama.

Alifariki alfajiri. Mtoto wake Hamisi, tuko rika moja, akanipigia.

"Kaka, mzee ametuacha. Tunamleta. Tunataka tumzike leo kabla jua lizame. Boti iko?"

"Iko tayari kuliko mimi," nikamwambia.

Barabara ya kuzunguka ilikuwa imekatwa na matope, lori mbili zimekwama tangu juzi. Njia ilikuwa moja, ni mimi.

Nikavusha wachimba kaburi na ndugu waliofika kwanza. Mara mbili, safi kabisa. Jeneza likafika baada ya Alasiri. Walikuwa wameshamswalia Matisi. Wanaume sita wakaliteremsha kwa boti polepole, Sheikh akakaa mbele, Hamisi akashika ukingo wa jeneza kama mtu anayeshika mkono.

Tukatoka. Hatua kama ishirini hivi, injini ikakohoa, ikanyamaza.

Wakuu, siku hiyo Nzoia ilikuwa imefura kama inataka kuhamia Webuye mjini. Ikaanza kutubeba. Kilichotuokoa ni kamba ndefu ambayo huwa tunaacha imeshikwa na watu ufukoni. Wakavuta wote, tukarudi tulikotoka.

Nikashika moyo. Bapa.

Nikafungua jerikeni. Tupu, inanuka sabuni. Mke wangu Nekesa alikuwa amefulia sweta za watoto asubuhi. Simlaumu, kwake maji ni maji.

Nikavuta kamba ya injini mpaka bega likataka kuniacha lihamie kwa mtu mwingine. Wapi.

Ikabidi niseme. "Sheikh, maji ya ziwa yameisha."

Sheikh akaangalia mto, akaniangalia. "Maji gani tena, na haya yote?"

Nikaeleza. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Nikasema tutume pikipiki ikimbie ziwani. Mtu akajibu nyuma yangu, "Ikirudi itatupata kesho."

Hamisi hakunigombeza. Aliangalia juu tu, akasema, "Kaka, jua."

Nikatamani anitukane.

Sheikh akaniwekea mkono begani. "Pole pole. Mzee alikuwa na subira na nguo za watu. Na sisi tuwe na subira naye."

Hapo machozi yakanitoka mbele ya watu, sifichi.

Kwa kundi lililokuwa linangoja kuvuka alikuwepo Mama Njoki. Huyu anauza mafuta ya kupikia ya kupima kule Kamukuywa, lakini zamani aliishi Matisi, na aproni zake zote alishona Mzee Juma. Akateremka akaingia kwa boti, gumboots na leso.

"Nipishe, fundi."

Akainama kwa tanki, akaipapasa.

"Mbona hii mtungi imevuta mashavu ndani?"

Ni kweli, ubavu wa tanki ulikuwa umebonyea. Miezi minane na sikuwahi kuuona!

Juu ya kifuniko kuna skrubu ndogo. Jamaa wa injini aliikaza wakati wa kuisafirisha, mimi nikajua ni urembo. Mama Njoki akaizungusha mara mbili.

Tanki ikasema fyuuu. Mashavu yakarudi, po!

"Sasa finya."

Nikafinya. Moyo ukajaa mkononi mwangu kama kitu kilichofufuka. Nikavuta kamba mara moja. Ikalia.

Hakuna aliyepiga makofi. Sheikh alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, tukavuka.

Tulimzika Mzee Juma kando ya mama yake jua likiwa bado juu ya miwa. Kila mtu alitupa udongo mara tatu kwa mkono. Hamisi akanisukuma mbele kidogo na mimi nitupe.

Nilichojifunza: kitu kinaweza kukufanyia kazi miezi minane na bado ukawa hujui kwa nini. Nilikuwa nauliza tu kama injini imewaka. Sikuuliza imewashwa na nini. Na siku utakayogundua, usiombe iwe siku kuna watu wamekutegemea hivyo.

Wale mmewahi kushikilia dawa kama yangu, ya gari, jenereta, au hata ng'ombe, njooni mseme, tusaidiane kuona haya. Mafundi wa boti pia mnirekebishe palipo na makosa.

Mimi naishia kwa maneno ya Mama Njoki. Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza alifanya dawa gani. Alinijibu akikung'uta matope kwa gumboots:

"Hakuna dawa, fundi. Hayo maji ya ziwa hayakufanya kitu. Wewe ulikuwa unafungua kifuniko, basi hewa inaingia. Tanki ikifungwa kabisa petroli haiwezi kutoka, kama vile mafuta yangu haitoki kwa mtungi mpaka nitoboe shimo ya pili. Fungua hiyo skrubu kwanza, ndiyo ufinye. Ukimaliza kazi, funga. Ni hiyo tu."