Siku za Msiba Hazikuwamo Kwenye Ratiba

Ratiba niliichora mwenyewe, kwa rula na kalamu nyekundu, nikajiona mkandarasi kweli. Msingi, kuta, lenta, paa, vyote kabla ya masika. Ilikuwa zahanati ndogo kule Mabogini. Mwenye kazi alitaka dhamana ya benki: nikishindwa, benki imlipe. Benki nayo ikataka hati ya ardhi, na mimi hati sina. Baba ndiye aliyeweka rehani kihamba chetu cha Machame, shamba la ukoo lenye nyumba yetu. Alisaini huku anacheka, "Usije ukanilaza barabarani, wewe."

Tulikuwa tunafunga lenta alipofariki. Nikafunga saiti, mafundi wote wakapanda nami mlimani. Nani kwetu anashika mwiko wakati baba wa bosi hajazikwa? Zikaenda siku kumi na mbili. Mhandisi msimamizi naye alikuja, Mmachame mwenzetu, akatia udongo kaburini, akanishika bega. "Pole sana. Mambo ya kazi tutaongea."

Mkataba ulisema nikipata dharura niandike barua ndani ya wiki mbili, kuomba muda. Niliusoma, jamani, sisingizii. Lakini nimwandikie barua mtu aliyekula msibani kwangu na kuniona nikilia? Nilidhani ameshaona, yatosha.

Mvua zikatukuta bila paa. Udongo wa Mabogini ukilowa, lori halipiti. Tarehe ikapita, mkataba ukavunjwa.

Mama akakata jani la sale, akalifunga fundo, akanituma kwa mhandisi nikaombe msamaha. Kwetu anayeletewa sale hakatai. Na kweli hakukataa. Alilipokea kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga. "Nimekusamehe, mdogo wangu, kwa moyo wote. Lakini barua iko wapi? Bila barua sina la kumwambia mwenye kazi." Mpumbavu mimi! Karatasi moja tu.

Benki ikamlipa mwenye kazi, kisha ikageukia kihamba. Wiki iliyopita alipanda mthamini wao, mtu mpole, akamwamkia mama shikamoo, akaandika migomba, kahawa, nyumba, zizi la ng'ombe. Kwenye kaburi la baba akasimama. Akauliza kwa sauti ya chini kama tungependa kulihamisha kabla ya mnada, na lini.

Mama alikuwa ameinama pale pale anang'oa majani. Hakuinua kichwa.

"Muulize huyo," alisema. "Yeye ndiye mwenye ratiba."