Kigingi Ndani ya Chai ya Kogo

Barabara yetu inatoka Kericho na lami safi, inazunguka mashamba makubwa ya chai kama mtu anayeogopa kukanyaga, halafu karibu na Boito inachoka, inabaki matope mekundu. Kogo, nyanya yangu, anasema ilikuwa njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Wenye mashamba wakaipanua ili malori yabebe majani. Ndiyo maana imepindapinda: ilifuata chai yao, haikufuata watu.

Lami yetu tumeahidiwa tangu nikiwa darasa la nne. Masaveya wanakuja kupima, wanachungulia kwa ile mashine ya miguu mitatu, wanapigilia vigingi vya rangi nyekundu kuonyesha lami itapita wapi, wanaenda. Mvua inafuta rangi. Lori linakwama, na sisi tunashinda kwenye kituo cha kupimia chai tukigeuza majani yasiungue ndani ya gunia.

Mwaka juzi kigingi kiliangukia ndani ya laini mbili za chai ambazo kogo alipanda na marehemu babu. Mimi nikafurahi. Nilishaona hoteli yangu pale kando ya lami, mandazi moto, madereva wakipiga breki.

"Kogo, tung'oe mapema," nikamwambia. "Tukingoja tingatinga, itaharibu hata ile ingine."

"Umeiona hiyo tingatinga?"

"Inakuja."

"Na kwa hoteli yako nitakunywa chai gani, kama tumeing'oa?"

Lakini alikubali kwa sababu ananipenda, na hilo ndilo linaniuma. Wiki nzima niling'oa. Shina la chai halitoki hivi hivi. Mizizi ile ilishika udongo kabla mama yangu azaliwe. Kogo alichuma upande ule mwingine, amenipa mgongo.

Tingatinga haikuja. Pakabaki magugu na kigingi. Jirani mmoja wa pikipiki, niliyemtangazia hoteli yangu, kila akipita anapunguza mwendo.

"Bosi, chai iko tayari?"

"Maji bado yanachemka," namjibu. Tunacheka, lakini nikifika nyumbani nimekasirika. Nimekasirikia masaveya, nimekasirikia barabara, na zaidi mdomo wangu.

Wiki jana walikuja masaveya wengine. Walipigilia vigingi vipya upande wa pili wa barabara. Nikakimbia kuuliza kuhusu kile chetu. Mmoja akaangalia karatasi yake.

"Hicho ni cha zamani. Ng'oeni tu."

Nilimwambia kogo nikiangalia chini. Alikuwa anakamua ng'ombe, hakusimamisha mikono.

"Kung'oa umeng'oa ya kutosha," akasema. "Hicho kiache. Nitafungia ndama."

Jana nilileta miche ya chai kwa mgongo, kwa sababu hakuna gari lililokubali yale matope. Nikachimba, yeye akashika kila mche wima, nikafukia. Itachukua kama miaka mitatu kabla tuchume. Tulipofika mwisho wa laini, karibu na barabara, nilitaka kuchimba shimo lingine, akanishika mkono.

"Hapo acha wazi kidogo."

"Ya nini, kogo?"

"Si ulisema hoteli?"

Nilimwangalia nione kama ananicheka. Hakuwa anacheka.