Nikabu Haifichi Sauti

Mwenzenu leo nimesema mkutanoni.

Mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yangu Rukia. Niko nyuma na kina mama, nikabu usoni. Nikauliza mbona watoto wa wenye maduka hukaa mbele, na wetu nyuma wasikoona ubao.



Nikajipa moyo hakuna aliyenijua. Nilisahau mwalimu wao hununua mahamri kwangu kila asubuhi.

Langoni akaniambia polepole, "Mama Rukia, nimekusikia."

Akaenda zake.

Sasa Rukia amerudi. "Mama, mwalimu amenihamisha. Nakaa mbele."

Nikamuuliza, na nani?

"Peke yangu."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Kesho atakuja kuchukua mahamri. Niambieni jamani, nimshukuru, au nimuulize kuhusu wale wengine waliobaki nyuma?