Wadudu Weusi wa Shamba la Ulezi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipopiga magoti katika shamba langu la kwanza nikamwona mdudu mweusi akikimbia na punje mdomoni. Mjukuu wangu anayeandika haya nimemwonya asinipambie maneno. Sikwenda shule, lakini nilichokiona nakijua.

Nilikuwa nimeolewa kutoka Tura, penye stesheni ya treni, nikaletwa katika kijiji kilicho njia ya Urambo. Katika ukoo ule, mke mgeni alikula chungu cha mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, hadi ajaze kihenge kwa ulezi alioulima mwenyewe. Hapo ndipo alipopewa jiko lake. Kabla ya hapo, hata chumvi aliiomba. Mimi nilikuwa nimeiomba mwaka mzima, na nilichoka.

Mavuno yangu ya kwanza yalijaza nusu ya kihenge. Ile nusu iliyopungua nikawatwika mbawakawa, wale wadudu weusi, maana walikuwa tele chini ya madongoa na katika ukanda wa nyasi uliokuwa mpakani. Sikumwuliza mtu. Nilichoma nyasi zile, kisha nikachukua dawa ya kuulia wadudu wa tumbaku iliyombakia mume wangu, nikainyunyiza shamba zima. Baada ya siku chache nilizoa wadudu wakavu kwa ungo, nikampelekea mavyaa nikiwa nimeinua shingo.

"Umewaua wote?" akauliza.

"Wote, mama."

"Basi utapalilia peke yako."

Nilidhani ni wivu. Asiyejua maana, haambiwi maana.

Mvua zikanyesha, nikapanda, na shamba likaota kama mkeka. Ulikuwa ulezi-mwitu. Gugu hili, likiwa changa, hufanana na ulezi wetu kama pacha. Nilipopalilia niling'oa wangu nikauacha wa mwitu. Mavyaa alikuja na mawifi zangu, akasimama mpakani.

"Ninyi wa Tura mmezoea kungoja treni," akasema. "Na magugu nayo unayangoja yashuke yenyewe?"

Mawifi wakacheka hadi wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Alinipeleka shambani kwake, na kando ya nyasi akafukua kitundu kwa ncha ya jembe. Mlikuwa na mbawakawa wawili na akiba ya mbegu. Akanimwagia mbegu zile kiganjani.

"Ulezi wetu ni wa mviringo, mwekundu. Huo je?"

Nilitazama. Zilikuwa nyeusi, ndefu kidogo, zenye mikunjo. "Ni wa mwitu, mama."

"Magugu humwaga mbegu chini kila mwaka, na hawa huzipunguza kabla ya mvua. Umeua vibarua wasiodai hata kata ya pombe."

Kihenge sikukijaza mwaka ule, wala uliofuata. Jiko nililipata nyasi za mpakani zilipokwisha kurudi, na wadudu pamoja nazo. Mavyaa hakunipunguzia hata siku moja, na simlaumu.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mimi wajukuu ninao wengi. Leo naona vijana wakibeba bomba la dawa mgongoni kabla hawajainama kutazama ardhi. Sisemi kila mdudu ni rafiki. Wapo waharibifu, na mbawakawa naye hamalizi magugu, jembe lako bado lina kazi. Lakini usimwue kiumbe shambani kwako hadi uione punje iliyo mdomoni mwake na kuitambua. Acha ukanda wa nyasi mpakani, usiuchome, maana ndiyo nyumba yao. Dawa ya tumbaku usiitie katika shamba la chakula. Na ukimkuta mbawakawa amechukua punje moja ya kwako, mwachie; huo ni ujira wake.

Mungu akupe jicho litangulialo mkono. Mvua ikukute umekwisha kulima, na watakaokula jasho lako wakutaje kwa heri.