Vile Pombe ya Ubelgiji Ilinisemesha

Miye tate wa Neema, mama ya papa yake, nimekamua kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tangu usichana wangu. Nilifikiri hakuna pombe ya kunishinda, mpaka siku familia ya Dido, muchumba wa Neema, ilikuja kwetu mutaa wa Saio kujitambulisha.

Kazi yangu ilikuwa kukunja uso na kusema hatuwajue. Neema alinibembeleza, "Tate, usicheke na Dido. Papa akijua alishaingia hapa kwa siri, atakatala."

Wageni walileta pombe ya Ubelgiji, nyeusi, tamu kama asali. Kwetu mukubwa wa nyumba ndiye anaonja mbele ya wote. Kasiksi inaonjwa kikombe kizima, basi na ile nikamaliza kizima. Kidogo tu, uso ukakatala kukunjika.

Mwana wangu, papa wa Neema, akauliza kwa ukali, "Mama, huyu kijana tunamujua?"

Nikasimama, nikamushika kijana mashavu. "Dido, mutoto wangu, mbona Yenga hii, kisha misa, haukufika jikoni? Sombe yako ya majani ya muhogo nilikuwekea!"

Neema akaficha uso mu kitambaa changu.

Mwana wangu akaweka glasi chini, akamugeukia Dido. "Kumbe ni weye unamalizaka sombe yangu?"